Mwalimu wa Kinanda na Ndama wa Karai

Mtu aliyenifundisha kuogopa mto hakuwahi kunipeleka mtoni. Alinionyesha katuni. Alikuwa mwalimu wetu wa muziki katika shule moja ya msingi pembeni mwa mji wa Kitale, na kila Jumamosi alasiri alitukusanya kwenye ukumbi wa kulia chakula, akaziba madirisha kwa magunia ya mahindi, akawasha mashine yake ya sinema. Mashine hiyo ilikuwa bubu. Picha ilitoka, sauti haikutoka. Kwa hiyo Mwalimu alikaa kando ya ukuta kwenye kinanda cha kukanyaga kwa miguu, akapiga muziki mwenyewe huku macho yake yako kwenye picha, na sisi tukacheka au tukalia kulingana na vidole vyake.

Namwandika sasa kwa sababu mwaka huu nimemaliza katuni yangu ya kwanza inayostahili kuitwa katuni, dakika nne tu, na nikampelekea aiwekee muziki. Nilidhani nampelekea zawadi. Yaliyotokea siku hiyo nitayafikia. Kwanza nataka mumjue, maana nikianzia pale mtamwona mzee wa kutisha tu, na hakuwa hivyo. Au tuseme hakuwa hivyo peke yake.

Jina lake siliandiki. Walimu wengine tuliwaita kwa majina yao, na wengine kwa majina ambayo tukisikiwa tungechapwa, lakini yeye tulimwita Mwalimu, basi. Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti moja la kijivu ambalo mifuko yake ilikuwa imelegea. Tulidhani ana peremende humo. Zilikuwa punje za mahindi.

Punje hizo ndizo zilikuwa somo lake. Alizipanga mezani kwa mstari, ishirini na nne, akanyoosha mstari kwa ukingo wa rula, kisha akatuita tuzunguke. "Hii ni sekunde moja," alisema. "Kila punje ni mchoro mmoja. Mchoraji wa zamani akitaka mguu utoke hapa ufike hapa, anazichora zote, au nusu yake akiwa na haraka. Mvivu anachora nne, halafu anaomba Mungu." Tulicheka, yeye hakucheka. Alihesabu punje kumi na mbili akagonga meza. Hiyo ni hatua moja. Kumi na mbili nyingine, akagonga tena. Kisha akatutembeza ukumbini huku anagonga, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, na aliyekosea aliambiwa anatembea kama gunia la viazi.

Alitueleza kwamba katika katuni nzuri za zamani muziki haukupakwa juu ya picha baadaye kama rangi ya ukuta. Mdundo ulipangwa kwanza, kwenye karatasi, na mchoraji akachora akiwa anaujua: hapa mguu unakanyaga, hapa jicho linapepesa, hapa ngoma kubwa inalia na mtu anaanguka. Ndiyo maana ukiiangalia mwili wako unaitikia kabla akili haijaamua. "Hawakuulizi kama unataka kucheka," alisema. "Wanakuchekesha. Ni nguvu hiyo. Msifikiri ni mchezo."

Mimi nilifikiri ni mchezo. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nachora kuku kwenye pembe za daftari la hesabu, ukurasa baada ya ukurasa, ili ukizipeperusha kurasa kwa kidole kuku atembee. Siku moja nilijipa moyo nikampelekea. Alipeperusha mara moja, akapeperusha mara ya pili, akanirudishia. "Kuku huyu hana uzito," akasema. "Ukimpuliza ataruka." Nililia njia nzima mpaka nyumbani, na bado namkasirikia kidogo. Kesho yake nilikuta juu ya dawati langu rundo la karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, upande mmoja mweupe, zimefungwa kwa kamba ya katani. Sikumshukuru, kwa sababu nilikuwa nimenuna.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kusifu hakujua, au alijua akakataa. Lakini watoto wa mtaa wa mabanda wa Kipsongo, ambao hawakuwa wa shule yetu na ambao mlinzi aliwafukuza kila Jumamosi, yeye ndiye aliyewafungulia mlango wa nyuma na kuwaketisha mbele kabisa. Mwalimu mkuu alipolalamika kwamba ukumbi unanuka, Mwalimu alimjibu kwamba hata sisi wenye viatu tunanuka. Taa ya mashine ilipoungua alikwenda Suam kumwona mfanyabiashara aliyevusha bidhaa kutoka Uganda, akarudi na taa mbili zimefungwa ndani ya soksi. Mfanyabiashara alimwambia angeweza kumtafutia na ile taa ndogo ya sauti, ile inayosoma mstari wa sauti ulioko pembeni mwa mkanda, mashine isiwe bubu tena. Mwalimu alikataa. Tulisikia habari hiyo tukaona ni kiburi cha mpiga kinanda, hataki kunyang'anywa kazi na mashine.

Televisheni ilipoletwa kwenye chumba cha walimu, alisimama mlangoni na kikombe cha chai akiangalia katuni mpya zilizokuwa zinaonyeshwa. Nilikuwa nimetumwa kuchukua chaki. "Angalia," aliniambia, bila kugeuka, kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo. "Huyu hatembei, anasukumwa kama mkokoteni. Mdomo unasema, shingo imekufa. Na muziki nao hauna habari naye, unacheza tu nyumba ya jirani." Nikamuuliza kama ni mbaya. Alifikiri kidogo. "Ni mbaya," akasema, "na afadhali iwe mbaya." Niliondoka na chaki zangu, nimechanganyikiwa.

Alikuwa na mtihani wake wa kupima katuni, na ofisini kwetu leo bado ninautumia. Zima sauti. Ikiwa picha peke yake inakufanya ushike pumzi, hiyo ni kazi. Sasa rudisha sauti ufunge macho. Ikiwa muziki peke yake unakuonyesha nani anakuja na amebeba nini, hiyo nayo ni kazi. "Na zikikutana zote mbili," alimalizia kila mara, "kaa chonjo." Vijana ninaofanya kazi nao wanaupenda mtihani huo. Sehemu ya mwisho sikuwahi kuwaambia, kwa sababu sikuielewa.

Kuna Jumamosi moja alituonyesha kipande kifupi mara mbili. Kuku anatembea kwenye ukumbi mrefu, anafika kwenye mlango, anausukuma, anaingia. Basi. Mara ya kwanza alipiga wimbo wa kurukaruka, na tulicheka jinsi makalio ya kuku yalivyotikisika. Akarudisha mkanda. Mara ya pili alishika noti moja nzito upande wa kushoto wa kinanda, akaiacha ivute, na juu yake akagusa noti nyingine ndogo, moja, kisha nyamaza, kisha moja. Kuku akafika mlangoni. Msichana mmoja wa darasa la pili alipiga kelele akatoka nje mbio. Mwalimu alisimamisha mashine. "Mlango ni uleule," akasema. "Kuku ni yuleyule. Nani amewatisha?" Alikwenda nje kumbembeleza yule msichana, akachukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

Katuni tuliyoiogopa kuliko zote ilikuwa ya ndama. Haikuwa na jina, kwa sababu mwanzo wa mkanda ulikuwa umekatika. Ndama aliyevaa kofia anataka kuvuka mto. Anatafuta daraja, hakuna. Anaona karai, anaingia, anaanza kupiga makasia kwa kijiko. Mto unamchukua. Maji yale yalichorwa na watu waliokuwa wanajua maji: yalivimba kabla ya kupasuka, yalizunguka mawe, yalivuta karai kwa upande mmoja kisha yakaliachia. Ndama anafika kwenye maporomoko, ananing'inia ukingoni, anaanguka. Chini anatoka amekuwa bapa kama chapati, anajitingisha, anakuwa mviringo tena, anavaa kofia yake na kuondoka kwa miguu.

Ukisoma hivyo ni kichekesho, au siyo? Sisi hatukuwahi kucheka. Mwalimu aliipiga yote kwa mkono wa kushoto. Tangu ndama alipoligusa karai, noti nzito ilianza, na haikuacha. Kila maji yalipovimba noti ilivimba nayo. Kwenye maporomoko aliondoa mikono yote miwili kwenye kinanda. Kimya. Ndama alianguka bila sauti yoyote, tulisikia mashine tu ikisaga, na Mwalimu hakurudisha muziki tena. Yule ndama bapa alipojitingisha na kuondoka, alitembea ndani ya kimya hicho, na sisi tuliona wazi kwamba anayetembea si ndama tena. Ni kitu kingine. Nilimwota mwaka mzima.

Aliionyesha kila muhula, mwanzoni mwa mvua. Watoto wa darasa la kwanza walikojoa. Wazazi wawili watatu walikuja kulalamika, akawasikiliza kwa adabu, na muhula uliofuata akaionyesha tena. Nyuma ya shule kulikuwa na mto, na katika miaka yote niliyosoma pale sikumwona mtoto akishuka kucheza mtoni. Walimu wa zamu walifurahi, walisema watoto wa siku hizi wana nidhamu.

Na kuhusu mito Mwalimu mwenyewe alikuwa na mambo yake. Tulipokwenda Bungoma na kwaya kwenye mashindano, dereva wa basi alilazimishwa kusimama kabla ya kila daraja. Tulishuka, tukavuka kwa miguu wawili wawili tumeshikana mikono, na upande wa pili Mwalimu alituhesabu. Kisha alituhesabu tena. Dereva aliudhika kweli. "Mwalimu, bana, hili daraja limepitisha malori ya miwa toka nizaliwe," alimwambia. "Si tuko late?" Mwalimu alimjibu, "Wewe endesha basi. Mimi nahesabu." Mwaka alioipeleka mashine yake Kapsokwony, kule mlimani, akiwa ameifunga kwa blanketi mgongoni mwa pikipiki na jenereta ikiwa kwenye pikipiki ya pili, mvua ilikatiza barabara na akaona afadhali alale njiani kuliko kuvuka kijito ambacho akina mama walikuwa wanakivuka na mizigo kichwani. Tulimcheka sana kwa hilo.

Lakini mtu huyohuyo, kwenye harusi, usingemjua. Alikaa kwenye kinanda cha kanisa akapiga mpaka wazee wakasahau magoti yao, na yeye mwenyewe mabega yalicheza. Mkewe, mama mmoja mcheshi wa Bungoma, aliwahi kutuambia kwamba alimkubali kwa sababu ya mabega hayo. Nilijiuliza mara nyingi kwa nini mtu mwenye furaha kama ile vidoleni alikuwa anainyima Jumamosi zetu. Nikaamua ni ukali wa walimu tu.

Alistaafu, wakahamia kwa upande wa mkewe, nje kidogo ya Bungoma, nyumba yenye ua wa michongoma na shamba linaloteremka mpaka kwenye kijito. Nilimtembelea kila Krismasi. Kinanda kilikuwa sebuleni, na mikanda ya filamu ilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Mwaka mmoja nilipoingia nilisikia harufu ya siki, nikadhani Mama, mkewe, anatia siki kwenye kachumbari. Kumbe ni mikanda. Filamu za zamani zikianza kufa hunuka siki, na harufu ikishatoka kwenye mmoja inaambukiza mingine. Mwaka uliofuata harufu ilifika barazani. Mwaka uliofuata tena, ndama alikuwa amejikunja na kunata, hafunguki. Nilimwambia Mwalimu ningeweza kuwatafuta watu wa kuuokoa mkanda. Akasema, "Wa ndama, acha."

Masikio nayo yakaanza. "Yanafunga duka," aliniambia, "na hayajanirudishia chenji." Kwanza alipoteza ndege, kisha sauti za wanawake, kisha sauti yangu, isipokuwa nikisema polepole akiniangalia mdomo. Noti nzito zilibaki. Aliweka kiganja kwenye ubao wa kinanda, akabonyeza upande wa kushoto, akaniambia anazisikia kwa mfupa.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Mimi nafanya kazi Kitale, katika ofisi ya watu watano iliyo juu ya duka la dawa za mifugo. Tunatengeneza katuni fupi za watoto, zinazowekwa mtandaoni na kuangaliwa kwenye simu. Kwa miaka kadhaa tumefanya kazi za mkokoteni, zile zile alizokuwa anazidharau: mdomo unasema, shingo imekufa. Mwaka huu bosi wangu, mwanamke mdogo kwangu kwa miaka sita na mwenye moyo mzuri, aliniruhusu nifanye moja vizuri. Nikachagua ndama. Nilimfanya mwanakondoo mwenye gambuti, lakini karai ni lile, mto ni ule, maporomoko ni yale. Nilichora maji kwa miezi minne. Punje zote, sikuruka hata moja. Mwishoni mwanakondoo anatoka majini na samaki ndani ya gambuti, na anacheza.

Bosi aliitilia marimba ya kompyuta, ya haraka, ya furaha. Mimi nilitaka mkono wa Mwalimu. Tulikubaliana niende Bungoma Ijumaa. Nikipata muziki wake tutasubiri, nisipopata itawekwa na marimba. Hivyo ndivyo nilivyoelewa mimi.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na Mama alinipokea mlangoni na mwavuli. "Karibu, karibu mwanangu. Mwarimu ako ndani, amekungoja tangu asubuhi. Ati amevaa koti, kama anaenda kazi." Kweli alikuwa amevaa koti la kijivu. Nilifungua kompyuta juu ya kifuniko cha kinanda.

Kama kawaida yake, alitaka kuiangalia bila sauti. Akaangalia. Mwanakondoo alipoligusa karai, Mwalimu alisogea mbele. Mto ulipomchukua, alishika ukingo wa kinanda. Kwenye maporomoko nilimwona ameshika pumzi, mzee wa miaka ile, na sitaficha, nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Ilipoisha aliachia ukingo wa kinanda.

"Maji haya yana uzito," akasema.

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu nikiwa na miaka tisa. Nikamshika mkono, nikacheka kama mjinga. Akaniuliza, "Na muziki?" Nikamwambia polepole kwamba kuna wa muda tu, tutautoa. Akaweka kiganja chake juu ya spika niliyokuja nayo, nami nikaianzisha upya na sauti yake yote.

Marimba ilikuwa na ngoma chini yake, na ngoma ndiyo aliyoipata. Aliisikia kwa kiganja. Hatua, hatua, hatua, karai, mto, na kila wimbi lilikuwa limekaa juu ya mdundo, kwa sababu nilikuwa nimelichora nikihesabu kama alivyonifundisha. Uso wake ulibadilika. Mwanakondoo alipoanguka, ngoma ilipiga kishindo, na Mwalimu akauondoa mkono kana kwamba spika imemuunguza.

"Ni huohuo," akasema. "Umeupata wapi?"

"Upi, Mwalimu?"

"Huo wa furaha. Ndama alikuwa na huohuo."

Nilimwambia haiwezekani, mashine ilikuwa bubu. Akatikisa kichwa. Alizungumza akiangalia kinanda, kwa sauti ya juu kuliko alivyodhani, kama viziwi wanavyofanya, na Mama aliyekuwa akileta chai alisimama mlangoni na sinia mkononi. Nadhani yeye pia alikuwa hajawahi kuyasikia.

Mashine haikuja bubu, alisema. Ilikuja nzima. Mwaka wa kwanza, kabla sijaanza shule, aliionyesha ile ya ndama na muziki wake wenyewe, tarumbeta na filimbi, na watoto walicheka hadi wakaanguka kwenye mabenchi. Waliomba irudiwe. Akairudia mara tatu, kwa sababu alipenda kuwasikia. Siku ya Jumatatu, mvua ikiwa imenyesha, msichana wa darasa la tatu alichukua karai jikoni mwa shule akashuka nalo mtoni. Wenzake wawili walisimama ukingoni. Walisema alikuwa anaimba ule wimbo. Alipopinduka walicheka, wakangoja atoke.

"Walimngoja," Mwalimu alisema. "Unanisikia? Hawakukimbia kuita mtu. Walikuwa wanangoja atoke."

Hakuna aliyeilaumu katuni. Watu walisema mto umejaa, mtoto mtundu, mpishi hakuangalia vyombo. Mwalimu peke yake ndiye aliyejua, na jioni ya mazishi aliichomoa ile taa ndogo ya sauti akaitupa kwenye choo cha shule. Nilimuuliza kwa nini hakuuchoma na mkanda. Ilibidi niulize mara mbili.

"Ningeuchoma mngeenda mtoni kwa sababu nyingine," akasema. "Nilitaka muuogope. Wale wachoraji walikuwa mabingwa, binti yangu. Wangechora ovyo, kama hizi za televisheni, hakuna mtoto angepanda karai. Walichora mpaka mtoto akaamini maji, kisha wakampigia muziki wa kumwambia maji hayaui." Aliniangalia machoni, si mdomoni. "Na wewe umechora vizuri kuliko wao."

Nilitoka barazani na simu. Bosi wangu alipokea kwa furaha. "Niaje! Umeona? Tumeiweka tangu jana jioni, sikuweza kungoja. Watu wameshika moto nayo, bana. Si uliniambia mzee hasikii siku hizi?"

Nikamwambia aitoe. Akauliza ati nini. Nikamweleza kwa haraka na vibaya, msichana, karai, mto, na nilisikia mwenyewe jinsi nilivyosikika kama mtu aliyechanganyikiwa. Lakini nimesema ana moyo mzuri. Akasema, "Sawa. Naitoa. Nimeitoa, angalia." Kisha kwa sauti ndogo, "Lakini unajua watu huzidownload. Ziko kwa magroup za wazazi, ziko kila mahali. Hiyo siwezi kuitoa."

Nilibaki pale barazani. Mvua ilikuwa imepungua na kijito cha chini ya shamba, ambacho kwa kawaida hukisikii kutoka kwenye nyumba, kilikuwa kinasikika. Nikawaza kwamba Mwalimu alikuwa na ukumbi mmoja wenye watoto anaowajua kwa majina, na alipokosea aliweza kukaa mbele yao kila muhula, miaka yote ile, akilirekebisha kosa lake kwa mkono wa kushoto. Mimi watoto wangu siwajui hata mmoja, wala mito yao.

Niliporudi ndani alikuwa bado amekaa vilevile, chai imewekwa mbele yake, na Mama amemshika bega. Akanitazama mdomoni.

"Umeizima?"

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema polepole ili asome. "Imezimwa."

Mabega yake yalishuka. Akachukua kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Mama hakuniangalia, kwa sababu yeye alikuwa anasikia, kama mimi nilivyokuwa nasikia. Ng'ambo ya ua wa michongoma, kwa jirani, marimba ilikuwa imeanza tena kutoka mwanzo, na watoto walikuwa wanacheka kabla mwanakondoo hajafika kwenye maji.